Uzito wa Mfuko: Usiku wa Televisheni ya Marekani katika Miaka ya 1980

Mwaka 1981 shirika la NBC lilifanya uamuzi ambao miaka kumi kabla ungeonekana wazimu. Lilikuwa na tamthilia mpya ya polisi, Hill Street Blues, iliyoanza kurushwa Januari 15 mwaka huo. Kwa hesabu ya watazamaji, tamthilia hiyo ilikuwa karibu na mkia wa orodha nzima ya vipindi vya usiku. Ilikuwa ghali. Wahusika wake wakuu walizidi kumi, walisema wote kwa pamoja, visa vyake havikuisha ndani ya saa moja, na kamera ilitikisika kana kwamba mpiga picha anakimbizana na wezi. Kipindi cha namna hiyo, kikiwa na watazamaji wachache kiasi kile, kwa kawaida kilifutwa haraka. NBC ikakirudisha kwa msimu wa pili. Septemba mwaka huohuo kikazoa tuzo nane za Emmy, rekodi ya wakati huo kwa mfululizo ulio katika msimu wake wa kwanza.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama ushindi wa sanaa juu ya fedha. Sikubaliani na simulizi hilo. Fedha ndizo zilizoiokoa Hill Street Blues. Wale wachache walioitazama walikuwa vijana wa mijini, wasomi, wenye mishahara mizuri, watu ambao ni vigumu kuwakuta mbele ya televisheni na ambao wafanyabiashara walikuwa tayari kulipa zaidi ili wawafikie. NBC ililazimika kukubali kwamba watazamaji milioni kumi hawana bei moja na watazamaji wengine milioni kumi. Katika muongo ule televisheni ya usiku ya Marekani iliacha taratibu kuhesabu vichwa, ikaanza kupima mifuko. Mengi mazuri ya wakati ule yametoka humo, na mabaya yake pia.

Mwaka 1980 mashirika makubwa ya utangazaji yalikuwa matatu: CBS, ABC na NBC. Kila moja lilikuwa na vituo vipatavyo mia mbili nchi nzima, vingi vikiwa mali ya watu wengine, ambavyo vilipokea vipindi vyake na kuvirusha usiku mmoja. Saa zenye thamani kuliko zote zilianzia saa mbili hadi saa tano usiku kwa majira ya mashariki, na Jumapili zilianza saa moja. Kampuni ya Nielsen ndiyo iliyopima. Pointi moja ya Nielsen ilikuwa asilimia moja ya nyumba zote zenye televisheni, na kwa kuwa nyumba hizo zilikaribia milioni 80, pointi moja ilikuwa sawa na nyumba laki nane hivi. Pointi ndizo zilizouzwa kwa wenye matangazo ya biashara. Mtu aliyekaa kwenye kochi ndiye aliyekuwa bidhaa.

Nyuma ya mashine hiyo kulikuwa na kanuni ambayo watazamaji wengi hawakuwahi kuisikia, na ambayo kwa maoni yangu ndiyo ufunguo wa muongo mzima. Mwaka 1970 Tume ya Mawasiliano ya serikali ya Marekani ilipitisha kanuni iliyoyazuia mashirika matatu kuwa na sehemu ya umiliki katika vipindi vingi vya burudani yalivyorusha usiku, au kunufaika na mauzo yake ya baadaye. Yalivikodi tu. Studio au kampuni huru ilitengeneza kipindi, ikalipwa ada ya kukirusha, na ada hiyo mara nyingi haikutosheleza gharama. Mtengenezaji alipata hasara sehemu baada ya sehemu, akijipa moyo kwamba akifikisha sehemu mia moja hivi, kazi ya miaka minne au mitano, ataviuza vipindi vile upya kwa vituo vya mikoani na nchi za nje. Utajiri ulikuwa huko. Ndiyo sababu kampuni kama MTM, Lorimar na ya Aaron Spelling ziliweza kusimama kwa miguu yao. Wazo lililokataliwa mlango mmoja lilikuwa na milango mingine miwili ya kubisha, na mwenye wazo alibaki kuwa mwenye mali.

Muongo ulianza kwa risasi. Machi 21, 1980, sehemu ya mwisho ya msimu wa Dallas kwenye CBS ilimwonyesha tajiri wa mafuta J.R. Ewing, aliyeigizwa na Larry Hagman, akipigwa risasi ofisini kwake na mtu asiyeonekana. Jibu lilitakiwa kuja mwanzoni mwa msimu mpya, lakini Julai waigizaji wa Hollywood waligoma hadi Oktoba, na swali likakaa hewani miezi minane. Hagman mwenyewe alitumia muda huo kudai nyongeza ya malipo, akijua fika kwamba CBS haiwezi kumkosa. Ilikuwa pia mwaka wa uchaguzi wa rais, na wafuasi wa chama cha Republican walivaa beji zilizodai kwamba aliyempiga J.R. ni mfuasi wa Democrat. Novemba 21 jibu lilipotolewa, watu wapatao milioni 83 walitazama. Asilimia 76 ya televisheni zote zilizokuwa zimewashwa saa ile zilikuwa zikionyesha Dallas.

Watu wengi wameiandika Dallas kama sifa kwa utajiri, wimbo wa utangulizi wa enzi ya Ronald Reagan. Mimi nadhani waliomsikiliza J.R. vizuri waliona jambo jingine. Familia ya Ewing haina furaha hata siku moja. Wana wanagombea kampuni ya baba, wake wananyweshwa fedheha, na kila mkataba una mtu aliyeibiwa ndani yake. David Jacobs, aliyeibuni, aliuchukua utaratibu wa tamthilia za mchana zilizotengenezwa kwa ajili ya akina mama wa nyumbani, zile zenye visa visivyoisha, akaupeleka usiku na kuuweka mikononi mwa wanaume wenye kofia pana. Huo ndio mchango wake mkubwa. Kabla yake, kwa kawaida tamthilia ya usiku ilitakiwa ifunge kisa chake ndani ya saa moja ili mtazamaji aliyeikosa wiki iliyopita asipotee. Baada yake, mtazamaji alifundishwa kukumbuka. Hill Street Blues ilikuja miezi miwili tu baada ya jibu la Dallas, na ingawa wakosoaji waliziweka katika matabaka mawili tofauti, zilikuwa ndugu.

Dynasty ya ABC ilifuata Januari 1981, na kufikia msimu wa 1984–85 ilikuwa ya kwanza nchini. Hiyo kweli ilikuwa sifa kwa utajiri, nguo na vito, na sioni haja ya kukaa hapo sana.

Kilele cha umati kilikuja Februari 28, 1983. M*A*S*H, kichekesho chenye machozi kuhusu madaktari wa jeshi katika vita vya Korea, kilifunga miaka kumi na moja kwa sehemu ya mwisho ya saa mbili na nusu iliyoongozwa na Alan Alda. Watu wapatao milioni 106 walikaa mbele ya televisheni. CBS iliuza tangazo la sekunde 30 kwa dola 450,000. Novemba 20 mwaka huohuo ABC ilirusha The Day After, filamu iliyoonyesha vita vya nyuklia vikiuangukia mji wa Lawrence, Kansas, na watu wapatao milioni mia moja wakaitazama. Rais Reagan alikuwa ameiona kabla, akaandika katika shajara yake kwamba ilimhuzunisha sana. Nauheshimu mno usiku ule. Shirika la biashara liliweka mbele ya taifa zima swali la kufa na kupona, likakubali kupoteza matangazo mengi ambayo wafanyabiashara waliogopa kuyaweka karibu na picha za maiti, kisha likaleta mezani wanasayansi na wanasiasa wajadili. Hakuna chombo kingine kilichoweza kuwakalisha Wamarekani wote pamoja namna ile, na hakuna kilichoweza tangu hapo.

Maana umati ulikuwa tayari unavunjika. Mwanzoni mwa muongo, nyumba moja kati ya tano hivi ilikuwa na televisheni ya kebo. Mwishoni zilizidi nusu. CNN ilizaliwa Juni 1980, MTV Agosti 1981, na HBO ilikuwa ikionyesha filamu bila matangazo kwa wanaolipa. Deki za video, ambazo mwaka 1980 zilikuwa za wachache mno, zilikuwa katika nyumba zaidi ya nusu kufikia mwaka 1989, na Januari 1984 Mahakama Kuu kabisa ya nchi iliamua kwamba mtu kurekodi kipindi nyumbani kwake ili akitazame baadaye si kosa. Rimoti ilimwondolea mtazamaji hata kazi ya kunyanyuka. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mashirika matatu yalishika takriban asilimia 90 ya watazamaji wa usiku. Muongo ulipofungwa yalikuwa yameshuka hadi karibu theluthi mbili.

Ni katika kushuka huku ndipo kazi bora zilipopatikana, na si kwa bahati. NBC ndiyo iliyoanguka kwanza na chini zaidi. Ilikuwa ya tatu kati ya watatu. Ilikuwa imenunua haki za Olimpiki ya Moscow ya 1980 ambayo Marekani iliisusia. Na rais wake, Fred Silverman, aliyekuwa ameipandisha ABC kileleni katika miaka ya 1970, alikuwa akirusha na kufuta vipindi kwa kasi ya mtu anayezama. Haki itendeke hapa: ni Silverman huyohuyo aliyeagiza Hill Street Blues, na ni yeye aliyewaachia wabunifu wake, Steven Bochco na Michael Kozoll, uhuru waliouomba. Lakini katikati ya 1981 aliondoka, na nafasi ya juu ikachukuliwa na Grant Tinker, mwanzilishi wa MTM, kampuni iliyoitengeneza tamthilia hiyo. Chini yake, mkuu wa burudani alikuwa Brandon Tartikoff, kijana wa miaka thelathini na kidogo.

Falsafa ya Tinker ilikuwa subira. Alitafuta watu wenye kipaji, akawalipa, akawaacha. Ni rahisi kuisema na ni ngumu kuitenda, hasa kwa shirika lililo hoi. Septemba 30, 1982 NBC ilianza Cheers, kichekesho cha baa moja ya Boston, na katika orodha ya wiki ile kikakaa karibu na mwisho kabisa. Mwezi uliofuata ilikuja St. Elsewhere, tamthilia ya hospitali duni ya Boston ambamo wagonjwa hufa na madaktari hukosea. Nayo watazamaji wake walikuwa wachache. Zote mbili ziliachwa ziishi. Cheers ikaishi miaka kumi na moja na St. Elsewhere sita. Ukiangalia nani alizitazama utaona hesabu ileile ya Hill Street Blues: wachache, vijana, wenye fedha. Ningependa kuamini kwamba Tinker angezivumilia hata kama watazamaji wake wangekuwa wazee wa mashambani, na tabia yake inanipa sababu ya kuamini hivyo. Wahasibu wake, kwa hakika, wasingevumilia.

Kisha likaja jambo lililovuruga hesabu zote. Marcy Carsey na Tom Werner, waliowahi kuwa wakubwa ABC kabla ya kuanzisha kampuni yao, walipeleka kwa ABC kichekesho kuhusu familia ya Bill Cosby. ABC ikakataa. Wakati ule wengi waliamini kwamba vichekesho vya familia vimekufa. NBC ikaagiza sehemu sita tu, ikaziweka Alhamisi saa mbili usiku kuanzia Septemba 20, 1984. Ndani ya msimu mmoja The Cosby Show ikawa mgongo wa shirika zima, na kuanzia 1985–86 ikawa ya kwanza nchini mwaka hadi mwaka. Katika msimu wa 1986–87 wastani wake ulikuwa pointi 34.9, yaani zaidi ya theluthi moja ya nyumba zote zenye televisheni, kila wiki. Ilivuta nyuma yake Family Ties, Cheers, Night Court na Hill Street Blues, ambayo baadaye ilipisha L.A. Law. Alhamisi ya NBC ikawa usiku wenye faida kuliko wote.

Familia ya Huxtable iliishi Brooklyn: baba daktari wa uzazi, mama mwanasheria, watoto watano. Cosby alimwajiri Alvin Poussaint, daktari wa akili wa Harvard, apitie miswada ili isiwe na dhihaka kwa Weusi. Ukutani zilitundikwa picha za wachoraji Weusi. Wanamuziki wa jazi walikuja kama wageni. Na vyuo vya Weusi vilitajwa kwa heshima hadi vikapata kipindi chao wenyewe, A Different World, mwaka 1987. Mlango wa chumba cha Theo, mtoto wa kiume, ulikuwa na bango la kutaka ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini ukomeshwe. NBC ilitaka liondolewe, Cosby akakataa, likabaki. Binti mkubwa alipojifungua mapacha, waliitwa Nelson na Winnie. Wakati huo Mandela alikuwa bado gerezani.

Na hapa ndipo pagumu. Kipindi hichohicho kilionyeshwa Afrika Kusini yenyewe, na Wazungu wa huko wakakipenda, wakacheka na kulala. Nchini Marekani, wakati umaskini na dawa za kulevya vilipokuwa vinaangamiza mitaa ya Weusi na serikali ikipunguza misaada, Mzungu aliweza kuitazama familia ya Huxtable na kujiambia kwamba milango yote iko wazi na aliyebaki nje ni mvivu. Sut Jhally na Justin Lewis walichapisha mwaka 1992 utafiti uliowahoji watazamaji na kukuta mawazo ya namna hiyo. Sidhani kwamba lawama ni ya kipindi. Kuonyesha familia ya Weusi yenye elimu na upendo hakukuwa uongo. Familia hizo zilikuwapo. Lawama ni ya orodha iliyokizunguka, ambayo haikuwa na nafasi ya hadithi nyingine.

Ushahidi ni Frank's Place. Mwaka 1987 CBS ilirusha kichekesho hiki cha Tim Reid na Hugh Wilson kuhusu profesa anayerithi mgahawa New Orleans. Hakikuwa na vicheko vya kurekodiwa. Kilizungumza kuhusu ubaguzi wa rangi ya ngozi baina ya Weusi wenyewe, kuhusu dini, wazee, mazishi na chakula, kwa utulivu ambao sijauona mahali pengine katika televisheni ya miaka ile. Wakosoaji walikisifu na kikapata tuzo za Emmy. CBS ikakihamisha siku na saa mara kwa mara hadi watu wakashindwa kukipata, kisha ikakifuta baada ya msimu mmoja. Watazamaji wake hawakuwa na mifuko ile iliyookoa Hill Street Blues, wala hawakuwa wengi kama wa Cosby. Kipindi hicho ndicho hasara kubwa kuliko zote za muongo ule.

Kuhusu Cosby mwenyewe, wanawake wengi walijitokeza baadaye wakamshtaki kwa kuwadhalilisha kingono, baadhi kwa matukio ya miaka ileile alipokuwa baba wa taifa kila Alhamisi. Alipatikana na hatia mwaka 2018. Mahakama Kuu kabisa ya Pennsylvania iliifuta hukumu mwaka 2021 kwa sababu za utaratibu wa mashtaka. Mamlaka aliyopewa na kipindi chake ni sehemu ya historia ya madhara yale, na haifai kuandika sifa za kazi bila kuandika hilo.

Wanawake walipigania nafasi yao kwa njia ngumu zaidi. Cagney & Lacey ya CBS, kuhusu wapelelezi wawili wa kike wa New York, ilianza 1982. Mwigizaji mmoja aliondolewa baada ya sehemu chache kwa madai ndani ya shirika kwamba hana uanamke wa kutosha. Mwaka 1983 tamthilia nzima ikafutwa. Watazamaji wakaandika barua kwa wingi, na CBS ikalazimika kuirudisha mwaka uliofuata. Tyne Daly na Sharon Gless wakapokezana tuzo ya Emmy ya mwigizaji mkuu wa kike wa tamthilia kwa miaka sita mfululizo, kuanzia 1983 hadi 1988. Kwa nini ilisikilizwa? Kwa sababu wanawake waliokuwa wakiingia kazini kwa wingi walikuwa sasa na mshahara wa kutumia. Hata hapa mfuko ulikuwa na sauti. The Golden Girls ya 1985, wajane na watalaka wanne wakiishi pamoja Miami, na Murder, She Wrote, ambamo Angela Lansbury alitatua mauaji kila Jumapili, zilithibitisha kwamba wazee nao hukaa kwa wingi mbele ya televisheni. Lakini watangazaji wa biashara hawakuwalipia bei ya vijana, na CBS, iliyokuwa na watazamaji wazee kuliko wenzake, ilianguka hadi nafasi ya tatu katika msimu wa 1987–88, mara ya kwanza katika historia yake.

Tabaka la wafanyakazi lilisubiri hadi Oktoba 18, 1988. Roseanne ya ABC, iliyotengenezwa na Carsey na Werner walewale, iliingia katika nyumba ya mfanyakazi wa kiwanda cha plastiki huko Illinois: bili zisizolipika, kochi lililochakaa, mama mnene mwenye hasira na akili. Wenye fedha na wasio nazo walijitambua humo. Kufikia 1990 ilikuwa bega kwa bega na Cosby kileleni.

Tamthilia ya polisi Miami Vice ya 1984 ilibadilisha sura ya televisheni kwa rangi, nguo na muziki wa kwenye MTV, ingawa chini ya rangi hizo visa vilikuwa vyepesi. Vita vya Vietnam vilipita kwa mlango wa nyuma: wapiganaji wa zamani wa The A-Team na Magnum, P.I. walikuwa mashujaa wenye vidonda visivyotajwa sana, hadi China Beach ya 1988 ilipomweka nesi wa kike katikati ya vita na kumruhusu aumie. Hiyo ya mwisho inastahili kutazamwa hadi leo.

Wakati hayo yakiendelea kwenye kioo, ofisi zilikuwa zinabadilisha wenyewe. Machi 1985 Capital Cities ilitangaza kuinunua ABC kwa dola bilioni 3.5. Desemba mwaka huohuo General Electric, watengenezaji wa balbu na injini za ndege, walitangaza kuinunua RCA, mwenye NBC, kwa zaidi ya dola bilioni sita. Mwaka 1986 Laurence Tisch, mfanyabiashara wa hoteli na sigara, alishika usukani wa CBS. Ndani ya miezi kumi na minane mashirika yote matatu yalikuwa chini ya watu ambao utangazaji haukuwa wito wao. Tinker aliondoka NBC mwaka 1986. Mwenyekiti wa Tume ya Mawasiliano wakati huo, Mark Fowler, alikuwa amekwisha kusema hadharani kwamba televisheni ni chombo cha nyumbani kama vingine, kibaniko cha mkate chenye picha. Kwa wamiliki wapya hilo lilikuwa baraka.

Septemba 1987 Nielsen ilileta kifaa kipya ambacho kila mwanafamilia alibonyeza kitufe chake anapokaa kutazama. Sasa shirika liliweza kujua haraka umri na jinsia ya kila aliyekaa kwenye kochi. Kilichoanza mwaka 1981 kama makisio ya kuokoa tamthilia moja kikawa sayansi ya kila siku. Machi 7, 1988 waandishi wa miswada waligoma, na hoja yao kubwa mojawapo ilikuwa mgawo wao wa fedha za marudio na mauzo ya nje, yaani ule utajiri uliolindwa na kanuni ya 1970. Mgomo ulikwisha Agosti 7. Msimu wa vuli ulichelewa, na mashirika yakagundua kwamba vipindi visivyohitaji mwandishi ni rahisi: majarida ya habari kama 48 Hours, lililoanza Januari mwaka huo, yaligharimu sehemu ndogo ya bei ya tamthilia, na yalikuwa mali ya shirika lenyewe.

Lililolielewa hilo kuliko yote ni shirika la nne. Rupert Murdoch alinunua vituo vya Metromedia, akachukua uraia wa Marekani mwaka 1985 kwa kuwa sheria ilimtaka mmiliki awe raia, na Aprili 5, 1987 Fox ikaanza vipindi vya usiku kwa Married... with Children na The Tracey Ullman Show, ambamo familia ya Simpson ilizaliwa kama vibonzo vya dakika moja moja kabla ya kupata kipindi chake Desemba 1989. Fox ilijizuia isifikie saa 15 kwa wiki ili isihesabiwe kuwa mtandao kamili na kanuni ya umiliki isiiguse. Cops, iliyoanza Machi 1989, haikuwa na mwandishi wala mwigizaji. Miaka minane baada ya Hill Street Blues, polisi walirudi wakiwa wao wenyewe, na maskini waliokamatwa wakawa burudani bila kulipwa mshahara wa mwigizaji. Naona aibu ya kipindi kile ni kubwa kuliko ya utajiri wote wa Dynasty.

Vipindi hivi vilisafiri. Dallas ilionyeshwa katika nchi zaidi ya tisini, na mwaka 1982 waziri wa utamaduni wa Ufaransa, Jack Lang, alisimama katika mkutano wa UNESCO mjini Mexico akiushambulia ubeberu wa kitamaduni, huku Dallas ikiwa mfano uliokuwa midomoni mwa watu. Sababu ilikuwa ya kihasibu. Kwa kuwa gharama kubwa ya kipindi ilikuwa imekwisha kulipwa nyumbani, mtengenezaji aliweza kukiuza nchi ndogo kwa bei ambayo haingetosha kulipia hata siku moja ya kupiga picha huko. Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi 1994. Zanzibar ilikuwa nayo tangu mapema miaka ya 1970, na Kenya tangu 1962. Vituo vya kibiashara vilipofunguliwa Afrika Mashariki katika miaka ya 1990, bei ile ndiyo iliyokuwa ikiwasubiri.

Mwaka 1983 Fowler alijaribu kuifuta kanuni ya umiliki. Studio za Hollywood zilipiga kelele, Ikulu ya Reagan, mwigizaji wa zamani, ikaingilia kati, na mpango ukasitishwa. Ililegezwa mwaka 1991 na kufa kabisa mwaka 1995. Disney hata haikusubiri: Julai mwaka huo ilitangaza kuinunua ABC, mtengenezaji akiwa sasa nyumba moja na mrushaji. Mbinu ya kupima mifuko isingezuilika, kwa kuwa ilitokana na kebo, deki na kompyuta. Kifo cha kanuni ile kilikuwa uamuzi wa watu, na ulikuwa uamuzi mbaya. Kanuni hiyo ndiyo iliyomfanya mwandishi mwenye wazo gumu awe na zaidi ya mlango mmoja wa kubisha, na ndiyo iliyoziwezesha MTM na Carsey-Werner kuwapo. Serikali yoyote inayoandika leo sheria za utangazaji isome historia hiyo kwanza, kisha imkataze mwenye mitambo ya kurushia kumiliki kila kitu kinachorushwa.